Marcella na Redio ya Waongo

Marcella Lampereur alikuwa na tumbo gumu. Alikuwa akipasua samoni huku anakula mkate, anachota matumbo kwa kiganja na kuwarushia shakwe, kisha anaendelea kutafuna. Kilichomtia kinyaa ni redio ya boti. Kila alfajiri, manahodha wa mji mdogo wa Algoma walipotoka bandarini kuingia Ziwa Michigan, redio ile ilikuwa ikimwaga uongo mtupu, na waliokuwa wakiumwaga ni wanaume wazima waliomaliza Jumapili zao kwenye mabenchi ya mbele kanisani.

Kazi yenyewe haina siri kubwa. Samoni anataka maji baridi, na maji baridi yako chini, leo hapa, kesho kule, upepo ukiamua. Nahodha anashusha tufe zito la risasi kwa waya wa winchi, mshipi umebanwa kwenye waya huo kwa kibanio, na nyuma yake chambo cha bati chenye umbo la kijiko kinachezacheza huku boti ikikikokota polepole. Samaki akikamata, kibanio kinaachia, ufito wa kuvulia unanyanyuka, na mtu anaanza pambano lake. Yote yako kwenye kina. Ukikosea kina, utakokota bati lako ziwa zima na kurudi na shingo iliyoungua jua tu.

Kwa hiyo kina ndicho walichokuwa wakikisemea uongo. Boti iliyokuwa ikijaza samaki kwenye kina cha futi mia ilikuwa ikitangaza futi arobaini na kulalamika kwamba hakuna kitu. Lakini marafiki walikuwa na namba yao. Raymond, mume wa Marcella, na binamu yake Gaylord Baudhuin, na wengine wawili, walikuwa wamepatana miaka mingi: kina chochote ukisikia kwetu, toa thelathini. Boti nyingine zikisikia tisini zinashusha tisini. Wenyewe wanashusha sitini na kucheka.

Raymond alifariki majira ya baridi, moyo ulisimama akiwa anasukuma theluji mlangoni. Wale watatu walilibeba jeneza, walikula booyah, mchuzi mzito wa kuku na mboga, kutoka sufuria kubwa la parokia, bakuli mbili mbili, na Gaylord akamshika Marcella mikono yote miwili mbele ya watu. "Shemeji, boti ya Raymond ni boti yetu. Hutakuwa peke yako majini." Marcella alikuwa amemfanyia mumewe kazi ya nyuma ya boti miaka ishirini. Masika akafanya mtihani, akapata leseni ya unahodha, akamchukua Yvonne, dada yake Raymond, awe msaidizi.

Asubuhi ninayoisimulia, abiria alikuwa mmoja tu, Harlan Stodola, mwenye nyumba ya wageni ya pale ufukoni. Wageni wake wote waliokuja kuvua walikuwa wakipanda boti ya Raymond tangu zamani, na bila wao boti ile isingevuka kiangazi. Harlan hakuzunguka mbuyu. Kabla hajakaa alisema, "Mama, nilimpenda Raymond. Lakini wageni wangu hawaji huku kutazama maji. Leo nitaona mwenyewe, halafu nitaamua wapande na nani."

"Utaona," Marcella akasema.

Saa moja na nusu hivi Gaylord akasikika redioni, sauti yake nzito ikijaa kibandani. "Hapa futi sabini. Pole pole tu, si mbaya."

Marcella akatoa thelathini. Arobaini. Akatazama kipimajoto kinachosoma maji ya kila kina, na roho yake ikasita, kwa sababu kwa upepo ule wa siku tatu, maji ya arobaini yalikuwa vuguvugu, maji ya kuogea watoto. Kama angekuwa peke yake duniani asingeshusha kitu pale. Lakini Gaylord ni Gaylord. Akamwambia Yvonne ashushe matufe yote mawili hadi futi arobaini.

Wakakokota. Jua likapanda. Vijiko vikacheza huko chini bila hata kuguswa. Harlan akanywa kahawa yake yote, akala soseji aliyokuja nayo, akaanza kutazama saa kwa ile adabu ya mtu anayetaka aonekane hatazami.

"Wifi," Yvonne akanong'ona, "mbona boti ya Gaylord fito zinapinda kama zina kichaa?"

Ilikuwa kweli. Gaylord alikuwa kaskazini mwao kidogo, na kila mara mtu alikuwa akikimbilia nyuma na wavu. Boti zikakaribiana. Gaylord akapunga mkono, akatabasamu, na wakati huo huo winchi yake ikaanza kupandisha tufe. Ikaunguruma. Ikaendelea kuunguruma. Marcella alikuwa amezisikiliza winchi hizo maisha yake yote ya ndoa. Ya futi arobaini huunguruma kidogo tu ikanyamaza. Hii haikunyamaza.

"Huyu anateka maji kisima gani?" Yvonne akasema.

 Damu ilimpanda Marcella usoni. Walikuwa wamebadilisha namba. Baada ya mazishi, baada ya booyah, wale wanaume watatu walikaa mahali, wakanywa bia zao, wakapatana namba mpya, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia mjane. Tena si kumnyima tu. Kila asubuhi walijua anatoa thelathini, na kila asubuhi wakamwacha atoe. Akahisi kichefuchefu cha kweli, kile cha kushika ukingo wa boti, yeye ambaye hakuwahi kutapika majini hata siku ya dhoruba.

"Pandisha yote," akasema. "Shusha mia na kumi. Toa hicho kijiko cha bluu, weka cha kijani chenye mgongo wa fedha."

"Mia na kumi? Nani kakwambia?"

"Kipimajoto. Na hiyo winchi ya yule mshenzi."

Haikuchukua muda. Ufito wa kushoto uliruka wima, Yvonne akauchomoa kwenye kishikio, akamtia Harlan mikononi, na mshipi ukatoka ukipiga kelele. "Usivute!" Yvonne akafoka. "Mwache aende! Mzee, nimesema mwache!" Harlan akawa mwekundu, akatukana kwa Kicheki cha bibi yake, akacheka. Samoni alipofika wavuni alikuwa mzito kiasi kwamba wanawake wawili walimnyanyua pamoja. Hawajamaliza kumtoa ndoana, ufito wa kulia nao ukaruka. Kufikia saa nne sanduku la barafu halikufungika.

Hapo ndipo Marcella alipochukua kipaza sauti. Yvonne alimwona na kudhani atamtukana Gaylord. Marcella mwenyewe alikuwa na matusi tayari, mazuri, lakini alipobonyeza kitufe akaona matusi hayatoshi, kwamba kitu pekee ambacho kingewaumiza watu wale ni kile wasichokuwa nacho.

"Boti zote mnaonisikia," akasema. "Marcella hapa. Futi mia na kumi. Kijiko cha kijani, mgongo wa fedha. Nakokota kuelekea kaskazini, mwendo wa mtu anayetembea. Samaki wako chini yangu, wengi. Hiyo ni kweli tupu. Njooni."

 Mtu akacheka redioni. "Haya, mjane naye kajifunza!" Mwingine akadakia, "Mia na kumi! Mama, ungesema mia mbili kabisa!" Boti nyingine, karibu kumi, zikageuza pua, zikaondoka zote kwenda kusini.

Harlan akazitazama zinavyokimbia. "Umewaambia ukweli," akasema taratibu.

"Nimewaambia."

"Na wamekimbia."

"Ndio hao ambao wageni wako wangepanda nao," Marcella akasema, akatema mate majini.

Gatini, Harlan alimpa mkono mbele ya wote na kusema kundi lake la Jumatatu litapanda na Marcella, na yanayofuata pia. Marcella alikuwa mezani akipasua samaki Gaylord alipokuja, kofia mkononi.

"Shemeji. Leo mia na kumi ulipewa na nani?"

"Na winchi yako."

"Aa, usinifanye mtoto bwana."

Marcella akaendelea kupasua. Gaylord alisimama pale, akatazama matumbo, akatazama viatu vyake, na kitu kikamvunjika usoni. "Hatukufanya vizuri," akasema. "Tulidhani utauza boti. Halafu ikawa aibu kukwambia, kila siku aibu zaidi. Ni ongeza arobaini. Ukisikia kwetu kina, ongeza arobaini. Naapa kwa kaburi la Raymond." Machozi yalimlengalenga. Marcella akavuta samaki mwingine mezani, na Gaylord akaondoka.

Asubuhi iliyofuata upepo ulikuwa umegeuka na ziwa limechanganyika, baridi na vuguvugu pamoja, kipimajoto hakikusema lolote la maana. Redio ikakoroma. "Hapa futi hamsini," ikasema sauti ya Gaylord, na ilikuwa laini, karibu ya kubembeleza.

"Hamsini na arobaini, tisini," Yvonne akasema, mkono tayari kwenye winchi. "Nishushe tisini?"

"Shusha sitini."

"Si jana alikuapia ongeza arobaini?"

"Ndiyo maana," Marcella akasema.

Yvonne akamtazama. Marcella akayasikia maneno yake mwenyewe, na mdomo ukamjaa uchungu. Mbele yao, fito za Gaylord zilianza kupinda, mmoja baada ya mwingine, na Gaylord alikuwa amesimama nyuma ya boti yake, ameacha samaki wake, anampungia mikono yote miwili na kuelekeza chini, chini zaidi. Marcella aliona wazi. Akasimama kwenye usukani na hakuweza kumwamini.