Pikipiki ya marehemu Kamau ilikuwa ikifika sitini inamshika mkewe mikono

Wakuu wote wa humu, wanaume kwa wanawake, nawasalimu kutoka Tassia.

Mimi ni shosho, yaani bibi mwenye wajukuu. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mkiona herufi imepotea rukeni tu muendelee. Lakini majina na mambo huwa sisahau, na haya sitayatia chumvi. Yalivyo yanatosha.

Kamau alikuwa kitinda mimba wangu. Alikuwa mtu wa boda. Alikufa kitandani, ugonjwa wa mapafu, si barabarani. Hilo mlishike, maana watu walisema mengi.

Aliacha mke, Wambui, watoto wawili, na pikipiki.

Wambui alijifunza kuiendesha Kamau akiwa bado mgonjwa. Siku moja tulikuwa wanne chumbani kwake: mimi, Wambui, Njoroge ndugu ya Kamau, na jirani yangu Mama Sharon. Kamau akamwambia mkewe huku akicheka na kukohoa, "Wewe endesha tu. Lakini usipitishe sitini. Nitajua."

Tulicheka wote.

Baada ya matanga Wambui akaingia kazini. Anabeba marobota ya nguo kutoka Eastleigh, anapelekea wenye maduka kule Mukuru kwa Njenga. Hapo ndipo nyumba nzima tunakula.

Sasa tairi ya mbele ikaisha. Wambui akafungua gurudumu hapa nyumbani ampelekee fundi Musyoka avalishe tairi mpya. Mimi nikasema siwezi kuona kitu cha mwanangu kikienda kwa fundi na matope. Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa. Wambui alikuwa ndani akiwapa watoto chai.

Nikaona kitu.

Kilikuwa kimefungwa kwenye spoki tatu, karibu na rimu. Ukubwa wa kidole gumba, kimezungushiwa ukanda mweusi wa mpira na waya. Nilipokigusa nikasikia ni kizito kuliko umbo lake.

Nikamwita Mama Sharon. Tunasali naye kikundi kimoja. Alipokiona akarudi nyuma.

"Mama Kamau, usiguse na mkono mtupu! Hicho ndicho kilimmaliza kijana wako."

Wakuu, mama aliyezika mtoto akiambiwa hivyo habaki na akili. Tulikata ule waya kwa koleo tukakitupa kile kitu kwenye jiko.

Mpira ukaungua, moshi mweusi. Halafu kikatoka kitu kama maji ya fedha, kikatiririka katikati ya makaa, kikajikusanya mahali pamoja, kikatulia kinatuangalia. Duara kabisa. Kama jicho la samaki.

Mama Sharon alitoka mbio na ndala moja. Nilimwagia moto maji, nikakibeba na sepetu mpaka chooni.

Wambui hatukumwambia. Tulisema tusimtie hofu. Jioni Musyoka akavalisha tairi mpya, gurudumu likarudishwa.

Kesho yake saa nane mchana alirudi na midomo imekauka. Akakaa kwenye ngazi bila kuvua helmeti.

"Mama, pikipiki imenishika mikono."

Nikamuuliza vipi. Akasema ikiwa arobaini, hamsini, iko sawa. Ikifika sitini usukani unaanza kutikisika, kama kuna mtu amekaa mbele yake ameushika kwa mikono miwili. Akipunguza mwendo, yule mtu anaachilia.

Sitini.

Nikakumbuka maneno ya Kamau: usipitishe sitini, nitajua.

Jumapili, tukitoka kanisani, nikamwambia anibebe nijionee. Barabara ya Outering ilikuwa wazi. Nikachungulia begani kwake nikaona mshale unapanda. Ulipogusa sitini, ule mtetemo ukapanda kwenye magoti yangu mpaka kwenye meno. Mchana kweupe, jua linawaka, na mimi nasikia baridi. Nikaona kwenye kioo cha pembeni Wambui anachezesha midomo. Nilidhani anaomba.

Tukapaka mafuta ya maombi. Yakashika vumbi tu.

Wiki iliyofuata alikuwa na marobota mawili nyuma. Usukani ukatikisika, mzigo ukamvuta, akaanguka mbele ya lori. Dereva alishika breki. Wambui aliniletea helmeti ikiwa imechubuka upande mzima, akaiweka mezani.

Nikamwambia, "Binti yangu, uza. Mwenyewe amekataa."

Akapata mteja, Mutua, aje Jumamosi. Na tukiuza hiyo tutakula nini, hakuna aliyejua.

Lakini Wambui ana moyo wake. Alisema hawezi kumpa mtu kitu kinachotaka kuua bila kumwambia kina nini. Ijumaa asubuhi tukaisukuma mpaka kwa Musyoka.

Musyoka akasikiliza yote, mpaka maneno ya marehemu. Hakucheka. Akapima upepo, sawa. Akaangalia ule mstari ulio ubavuni mwa tairi kama umekaa sawa na rimu mzunguko wote, sawa. Akatikisa beringi, akatikisa shingo ya usukani. Zote nzima.

"Shosho, ingekuwa ni mzimu ingetikisika hata ishirini," akasema. "Hebu tulione gurudumu peke yake."

Akalitoa. Akaacha ekseli ndani, akaiegemeza juu ya matofali mawili marefu aliyoyasimamisha, gurudumu likaning'inia katikati. Akalizungusha polepole kwa kidole.

Lilizunguka, likapunguza, likasimama. Halafu, wakuu, likaanza kurudi nyuma lenyewe. Hakuna upepo, hakuna mkono. Likarudi, likapita, likarudi tena, likatulia.

Musyoka akachora alama ya chaki kwenye tairi, pale palipokuja chini. Akalizungusha tena. Chaki ikarudi chini. Mara tatu, mara nne. Kila mara chaki inakuja chini kama inavutwa kutoka ardhini.

Nilishika mkono wa Wambui.

"Hapa ndipo pazito," Musyoka akasema. "Oneni, rimu ilichomelewa hapa, ikawekwa kiraka cha chuma. Kamau aligonga shimo, nakumbuka. Upande wa pili lazima aliweka uzito wa kulinganisha."

Akatafuta upande wa pili. Spoki zote zina kutu, isipokuwa tatu. Hizo tatu zilikuwa zinang'aa sehemu moja, urefu wa kidole gumba.

"Hapa palikuwa na risasi imefungwa, yale madini mazito, si ya bunduki. Nani alitoa?"

Nilitaka ardhi ifunguke. Mwanangu alikaa chini akapima, akafunga ile risasi kwa waya ili gurudumu litulie, na mimi mama yake nikaichoma nikiita uchawi. Na nusura nimzike na mkewe.

"Ni mimi," nikasema.

Nikawaeleza mpaka lile jicho kwenye makaa. Musyoka aliinama akajifanya anatafuta spana.

Wambui hakunipigia kelele. Ningependa angepiga.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa naongea na yeye pale sitini. Kila siku nilikuwa naipandisha makusudi. Nilikuwa namwambia habari za watoto."

Musyoka alichukua risasi za kubalansia magari, akakata kidogo kidogo, akafunga kwenye zile spoki tatu mpaka gurudumu likasimama popote unapoliacha. Wambui akaenda kulijaribu. Alirudi baada ya dakika kumi akazima injini.

"Hakuna mtu," akasema.

Tulilia pale kwa Musyoka, katikati ya matairi yenye pancha, kuliko tulivyolia kaburini.

Mutua nilimpigia simu nikamwambia asije.

Wakuu, funzo langu ni hili. Ukikuta kitu kimefungwa kwenye gurudumu, muulize fundi kabla hujashika koleo. Na pikipiki ikianza kutikisika baada ya tairi mpya, livueni gurudumu, lizungusheni likiwa huru, mtaona uzito ulipo. Mama Sharon bado hanisalimii vizuri, anasema nimemuaibisha.

Jambo moja limebaki, na Wambui hajui naliandika. Juzi aliniuliza, huku anafua, kama Musyoka anaweza kupunguza ile risasi kidogo. Kidogo tu, itikisike kidogo.

Nimemwambia hapana. Lakini mafundi mliomo humu, niambieni ukweli: ikipunguzwa kiasi cha punje ya mahindi, kuna hatari?