Herufi Iliyotazama Kioo

Mdogo wangu Otakar hakuwa mtu wa haraka. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia kitani katika kiwanda cha mji wetu, na jioni alikaa mezani na ndege zake ndogo za plastiki, akizipaka rangi kwa brashi nyembamba kama ukope. Mimi nilifuma katika kiwanda hichohicho tangu nilipotoka shule ya msingi. Sikuishia hapo kwa ujinga. Mwalimu wangu alilia siku ile. Ila baba yetu, Metoděj Hanzl, alirusha ndege za Waingereza wakati wa vita, na wakubwa wa kikomunisti waliokuja baadaye hawakutaka kusikia habari za watu wa namna hiyo. Yeye akapelekwa machimboni kama mfungwa, sisi watoto tukafungiwa shule za mbele.

Baba alirudi na kifua kibovu, akawa mchochea makaa wa hospitali. Hakusimulia kitu. Ila kila Novemba, Siku ya Marehemu, tukishawasha mishumaa ya babu na bibi, aliwasha mwingine chini ya msalaba mkubwa wa makaburini, pale wanapowekewa wasio na kaburi. "Wa Zbořil," alisema, basi. Leoš Zbořil alikuwa mwenzake wa kikosi. Bahari ilimmeza yeye na ndege yake, na hakuacha mke wala mtoto.

Mwaka wa sitini na nane ndimi zilifunguliwa kwa miezi michache, na kiwanda kimoja kidogo kikachapa stika za maji za kikosi chao, za kubandika kwenye ndege za mfano. Hizo ni picha nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu: unakata, unalowesha, nayo inateleza kutoka kwenye karatasi yake hadi ubavuni mwa ndege. Katika karatasi ile mlikuwa na duara za rangi na herufi za kikosi, za kutosha ndege moja, kisha herufi za ndege yenyewe, mbilimbili, moja kwa kila ubavu: K ya baba na R ya Zbořil. Baba aliishika karatasi akaitazama mpaka supu ikapoa. Agosti vifaru vya kigeni vikaingia, na ndimi zikafungwa tena. Akaificha nyuma ya kigae kilicholegea cha jiko la makaa, akafa bila kuitoa.

Mwili wake ulichomwa, na majivu yake mama aliyaweka kabatini, kati ya vikombe vya Jumapili. "Alishakaa mbali nami vya kutosha," alisema. Wengi kwetu walifanya hivyo.

Mama naye alipofariki, wakubwa wale wakiwa wameshaondoka madarakani, tuliwapatia wote wawili kijumba katika ukuta wa majivu makaburini. Vijumba hivyo vina kioo mbele, na watu hutia humo picha, miwani, au saa ya marehemu. Mlinzi akishakaza kioo hakifungui mpaka afe mwingine wa nyumba hiyo. Alisema atakikaza Siku ya Marehemu.

"Dada," Otakar aliniambia, "baba ataingia na ndege yake."

Ndege yenyewe ilikuwa tayari miaka mingi, rangi na vanishi ya kung'aa juu yake. Ilikosa stika tu. Kila mwaka alidai mkono wake haujawa mzuri, na sasa mkono umeanza kutetemeka. Tulipoitoa ile karatasi nyuma ya kigae ilikuwa ya manjano kama jino la mzee. Otakar akaibandika kwenye kioo cha dirisha ili jua liondoe umanjano, lakini jua letu la Oktoba ni la kuazima. Umanjano ulipungua kidogo. Ukavu haukupungua. Joto la jiko lilikuwa limeshafanya kazi yake.

Akaja Bwana Pospěch, mwenzake wa chama cha watengeneza ndege, mtu wa maneno na bia.

"Umeiatamia hii kama kuku na yai viza," alisema. "Stika kavu hivi ikigusa maji inapasuka vipande. Ipulizie vanishi juu ili ishikamane. Na ujaribu moja kwanza usiyoihitaji. Si unazo hizo R mbili? Vunja R."

Otakar akatikisa kichwa. "Hiyo siivunji."

"Kwani ni ya nani wako?"

"Ndiyo maana siivunji. Huyo hana wa kukasirika kwa niaba yake. Nitajaribu ya kwetu."

"Otakar!" nikasema. "Una wazimu? Baba yetu ndiye anayezikwa!"

"Dada, niachie mezani pangu."

Akapuliza vanishi mara moja, ikakauka, akakata K moja, akaitia majini. Tulitazama sote watatu. Ilitulia kidogo, kisha ikaachana kama barafu nyembamba ya dimbwini ukiigusa kwa kiatu. Alijaribu kukusanya vipande kwa brashi. Havikukusanyika.

Zilizobaki alizipuliza tena na tena, kila mara akingoja zikauke kabisa. Vanishi ile huwa ngozi moja juu ya karatasi nzima, kwa hiyo alikata kila alama peke yake, karibu na ukingo wake. Maji ya uvuguvugu. Tone kwenye ubavu wa ndege, stika isukumwe ielee mpaka mahali pake, isinyanyuliwe kwa kibanio. Nilimshikia kiwiko asitetemeke. Duara na herufi za kikosi zikakaa zote.

Ikabaki K moja, na R mbili.

"Weka R zote mbili," Pospěch akasema. "Itakuwa ndege ya kweli. K huku na R kule, hakuna ndege ya namna hiyo tangu dunia iumbwe. Chama kizima kitakucheka."

"Baba yangu hatoki kwenye ndege yake," nilisema. "Wacheke."

Otakar, mtu aliyewahi kubandua rangi ya bawa zima kwa sababu ya kivuli kimoja, akaweka K ubavu mmoja na R ubavu mwingine.

Siku ya Marehemu ilikuwa ya ukungu na matope. Mlinzi alishika kioo akingoja. Otakar akaweka ndege mbele ya vyungu viwili vya majivu, R ikitazama watu, K ikitazama ndani.

"Igeuze," nikamwambia.

"Baba anaijua yake. Huyu hana kioo kingine."

Mlinzi akakaza skrubu. Nilimtangulia Otakar kurudi nyumbani, na sikuongea naye mpaka Krismasi.

Sasa Otakar yumo humo. Siku majivu yake yalipoingia nilikuwa peke yangu na mlinzi mgeni. Kioo kilikuwa wazi, na ningeweza kuigeuza ndege. Niliigusa bawa, nikaona stika bado imeshika, nikaiacha.

Ule mshumaa wa Zbořil siupeleki tena msalabani. Nawasha wote palepale, chini ya kioo.