Simba Asubuhi, Magofu Jioni

Madereva wenzake walimwita Klachi. Jina hilo alilipata siku zake za mwanzo kazini, alipomwona dereva mmoja mkongwe ameegemeza mguu kwenye klachi njia nzima, akamwambia mbele ya watu, "Kaka, hiyo ni klachi, si mto wa kulalia." Wakacheka mpaka mkongwe mwenyewe akacheka, na tangu hapo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu.

Alikuwa mwanamke pekee aliyeendesha magari ya watalii katika kampuni ile, na hakuna aliyemwonea huruma kwa hilo. Gari likizama kwenye tope alishuka mwenyewe, akapandisha suruali, akakata matawi na kuyasukumia chini ya tairi. Alijua ni wakati gani wa kuzima injini karibu na tembo, na ni wakati gani wa kuondoka taratibu bila kuaga. Wageni walimpenda. Wengine walipiga picha zake nyingi kuliko za twiga.

Biashara ilikuwa imeanza kuzorota. Kampuni zilikuwa nyingi na simba ni wale wale, na mgeni akishaona simba amelala chini ya mti siku ya kwanza, siku ya tatu anaanza kupiga miayo kama simba mwenyewe. Ndipo Bosi, mtu wa maneno matamu aliyewahi kuuza bima, akaja na wazo. Ng'ambo ya mbuga, juu ya kilima, kulikuwa na magofu ya mji wa kale: kuta za mawe, ngazi zisizokwenda popote, kisima kirefu. Serikali ilikuwa imeyazungushia ua miaka mingi nyuma. Kwa nini mgeni asione wanyama, kisha amalizie na mambo ya kale, katika safari moja?

"Simba asubuhi, magofu jioni!" Bosi aliwaambia madereva, amesimama juu ya kreti la soda uani. "Na atakayeifungua njia hiyo ni Klachi."

Klachi alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama aliyevishwa taji.

Nyumbani alikuwa akiishi na baba yake, wawili tu, tangu mama alipofariki na ndoa ya Klachi ilipovunjika. Baba alikuwa fundi viatu. Kibarazani alikuwa na kigoda chake, nyundo, uzi, gundi na lundo la viatu vya watu, vingine vikiwa na miaka bila wenyewe kuvifuata. Alikuwa mzee wa maneno machache. Mteja akilalamika kuwa soli imetoka tena, alikipokea kiatu, akakigeuza, akasema, "Unatembea kwa hasira," basi.

Klachi alimweleza habari za safari mpya huku akivua viatu. Baba aliendelea kugonga misumari. Alipomaliza mguu mmoja wa kiatu aliuweka chini.

"Mnaingilia wapi? Upande wa mto au upande wa mlimani?"

Klachi alishangaa. "Upande wa mto, baba. Kwani unapajua?"

"Nimezaliwa pale."

Klachi alijua tangu utotoni kwamba baba alitoka "upande ule," kama walivyokuwa wakisema, lakini upande ule ulikuwa mkubwa kama mbingu na baba hakuwahi kuupunguza. Sasa alibaki amesimama na kiatu mkononi, hajui aulize nini kwanza. Mzee alikuwa ameshachukua mguu wa pili.

Safari zikaanza, zikashika. Klachi aliwachukua wageni kambini alfajiri, akawazungusha mbugani, wakala chakula cha mchana kando ya bwawa la viboko, na alasiri wakawa juu ya kilima. Magari yaliegeshwa kwenye uwanja wa changarawe nje kidogo ya kuta, na Klachi, kwa kuwa ndiye aliyeijua njia kabla ya wengine, alijichagulia nafasi nzuri kuliko zote, pembeni, chini ya mkwaju, palipokuwa na kivuli tangu adhuhuri. Wageni walipokuwa ndani na mwongozaji wa pale, yeye alilaza kiti nyuma akasinzia. Wenzake walipoanza kuja waliikuta nafasi hiyo ina mwenyewe. Hata changarawe ilikuwa na doa jeusi, pale gari lake lilipodondosha oili.

Baba hakuuliza kitu mpaka msimu wa pili. Siku hiyo aliosha mikono kwa sabuni, akaifuta kwenye kanzu ya kazini, akasema, "Nipeleke nikapaone."

Haikuwa vigumu. Kulikuwa na wageni waliokuwa wamepelekwa magofuni na gari jingine, na gari hilo likaharibika. Klachi alitumwa kwenda kuwachukua, na njia nzima gari lilikuwa tupu. Mzee alikaa mbele, amevaa koti lake la misibani, mikono magotini. Walipokata mbuga walikuta kundi la tembo linavuka. Klachi akapunguza mwendo, akazima injini, kwa mazoea.

"Baba, tazama yule mdogo!"

"Nawajua hao," alisema mzee. "Walikuwa wakija shambani kwetu. Wanakula mahindi, wanaondoka. Hawakutufukuza."

Ndipo njia iliyobaki akasimulia, macho yakiwa mbele. Kwao hapakuwa magofu, palikuwa nyumbani. Babu zake hawakuzijenga zile kuta, lakini nyumba zao za udongo ziliziegemea ili kukinga upepo, na mbuzi walilala ndani yake. Maji walichota kwenye kile kisima. Kisha wakaja watu na kamba za kupimia, na baada yao malori. Mama yake alikuwa amefariki mvua za mwaka ule, kaburi lilikuwa bado bichi. Walipandishwa kwenye malori na vyungu vyao, wakashushwa mahali pasipo na mto. Baba yake mzazi hakumaliza mwaka. Yeye, kijana mdogo, alikimbilia mjini akajifunza kushona viatu.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Klachi akabadilisha gia.

Getini mlinzi alimjua Klachi na kumpungia mkono, ila alimtazama mzee. "Huyu je? Mgeni au mwenyeji? Tiketi zake ni tofauti."

"Hata mimi najiuliza," alisema mzee.

Klachi akamlipia haraka kabla maneno hayajawa mengi.

Ndani waliwakuta wageni wamesimama mbele ya ukuta mkubwa, wakimsikiliza mwongozaji, kijana nadhifu mwenye fimbo ya kuonyeshea. Alikuwa akisema kwamba mji ule ulihamwa, na kwamba watu wa mwisho walioishi pale waliondoka, hakuna ajuaye walikokwenda. Alilisema hilo kwa sauti ya kunong'ona, na wageni wakaingiwa na kimya kizuri, kile kimya cha watu waliolipia.

Mzee akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mimi nilikwenda mjini," alisema. "Nashona viatu."

Mwongozaji akacheka, akawatafsiria wageni, na wageni nao wakacheka kwa furaha kubwa. Mama mmoja wa makamo akampiga mzee begani na kumwambia ana ucheshi. Wakaomba kupiga naye picha, wakamsimamisha ukutani, katikati. Alisimama wima na koti lake la misibani hata simu zote zilipokwisha kulia. Klachi alikuwa pembeni, uso unamwaka. Wale walikuwa wageni wake. Baada ya saa moja angekuwa anawauliza kama wamestarehe.

Watu walipotawanyika mzee alikwenda kisimani. Kilikuwa kimefunikwa kwa nondo. Akageuka, akakipa mgongo, akaanza kutembea polepole, akikwepa kuta kama mtu atembeaye chumbani kwake gizani, bila kuangalia chini. Klachi alimfuata. Alidhani anatafuta mahali pa kupumzika. Mzee akapita penye mwanya wa ukuta, akatoka nje, akaufikia uwanja wa changarawe, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya mkwaju, lilipokuwa gari. Akalizunguka. Akainama kwa shida, akashika tairi la nyuma, akatazama chini yake.

"Hamisha gari," alisema.

"Baba?"

"Hamisha gari, mwanangu. Bibi yako yuko hapo."

Klachi akapanda garini. Alipolisogeza gari, lile doa jeusi likabaki wazi kwenye changarawe, na safari hii lilikuwa na tone jipya linalong'aa. Mzee alichuchumaa, akachukua changarawe iliyolowa oili, akaitupa pembeni, akachukua nyingine, akaitupa, mpaka honi ya mmoja wa wageni aliyekuwa ameshapanda garini na kuchoka kusubiri ikawaambia kwamba muda umekwisha.

Klachi hakulala kwa siku kadhaa, kisha akapiga moyo konde akaenda ofisini kwa mhifadhi wa magofu. Mhifadhi alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, hakuwa mtu mbaya. Akauliza kama kaburi lilikuwa na alama. Klachi alisema lilikuwa na mawe yamepangwa. Mhifadhi akakuna shingo. Ndiyo, wakati wa kusawazisha uwanja kulikuwa na mawe mawe, lakini hayakuwa ya kale. Wao kazi yao ni kuhifadhi ya kale. "Dada, kama bibi yako angefariki miaka mia tano mapema," alisema, na kwa kweli hakukusudia mzaha, "leo tungekuwa tumemjengea ua."

Bosi naye alimpa pole ndefu, akamshika bega. "Nakuelewa sana. Lakini tafadhali, wageni wasijue. Watu wako likizo."

Kwa hiyo Klachi akafanya alichoweza. Aliacha kuegesha pale. Aliegesha chini kabisa, karibu na geti, kwenye jua kali, na wageni wakapanda kilima kwa miguu. Walirudi wamelowa jasho na kukuta viti vinaunguza. Walinung'unika. Baadaye mmoja akateleza kwenye ule mwinuko, akateguka kifundo cha mguu, na malalamiko yakamfikia Bosi kabla gari halijafika. Bosi hakupayuka, alizungumza kwa upole uleule wa bima. Klachi angepumzishwa njia ile. Angefanya kazi ya mjini, kuwapokea wageni uwanja wa ndege na kuwafikisha hotelini. Njia ya magofu alipewa kijana ambaye Klachi mwenyewe alimfundisha kupita kwenye tope.

Alirudi nyumbani akitegemea jambo moja tu, kwamba baba angalau ataona kuwa mwanawe amesimama upande wao. Alimweleza yote kibarazani. Mzee aliweka nyundo chini.

"Nani alikutuma?"

"Baba, nisingeweza kuendelea kumkanyaga bibi."

"Wamemkanyaga miaka yote hiyo, amekufa tena?" Sauti ya mzee ilipanda, na Klachi hakuwahi kuisikia ikipanda. "Nilikuonyesha ili umjue. Nikasema, haya, katika ukoo mzima amepatikana mmoja anayepita getini na mlinzi anampungia mkono. Kila wiki yuko pale. Atamsalimia mama yangu. Atang'oa majani. Nikapumua, mwanangu! Sasa umekwenda kujitoa mwenyewe. Nani atakwenda? Mimi na miguu hii?"

"Hukuniambia hivyo! Uliniambia nihamishe gari."

"Nilisema uhamishe gari. Sikusema uhame wewe."

Klachi naye akajibu, na alilojibu hakulisahau: kwamba mzee alinyamaza miaka yote, na sasa anataka watu wasome mawazo yake. Mzee akaingia ndani. Toka hapo walisalimiana asubuhi na jioni kama wapangaji.

Klachi alikwenda kwa Bosi kuomba arudishiwe njia, akaahidi kwamba ataegesha popote atakapoambiwa. Bosi akasema njia ina dereva wake sasa, na kwamba wageni wanamsifu.

Mzee alianza kukohoa kabla ya mvua. Siku moja alimwita Klachi amrekebishie mto, akamshika mkono, na Klachi akadhani sasa yatatoka. Mzee akamwambia viatu vya mwalimu wa jirani viko chini ya kabati, visipotee. Akafa wiki hiyo hiyo. Alizikwa makaburi ya manispaa, yaliyojaa mpaka ukingoni mwa barabara, kati ya watu asiowajua. Klachi hakwenda kumwomba mhifadhi baba azikwe kule kilimani, kando ya mama yake. Jibu alikuwa nalo.

Siku ya tatu baada ya matanga alirudi kazini, kwa kuwa ruhusa ilikuwa imekwisha. Aliwapokea mume na mke uwanja wa ndege, akawapakilia mizigo. Njiani walimwuliza kuhusu safari yao, ya wanyama na magofu, na kama yeye amewahi kufika huko juu.

"Niliwahi," alisema Klachi.

Mke akauliza kama ni kweli kwamba watu wa pale walitoweka tu. Taa zilikuwa nyekundu. Klachi alimtazama kwenye kioo, mama wa watu, kofia mpya magotini, hana kosa lolote.

"Mwongozaji atawaeleza," alisema, akatia gia.