Shemeji Kanilishia Sumu Kijiji Kizima

Jamani, leo nimesalitiwa na mtu anayekula kwangu.

Mnaujua ule mchezo wangu wa kompyuta, wa kujenga kijiji na kuwatunza watu wake. Mpishi nimempa jina la mke wangu, Mwanaidi. Kwa heshima kabisa!

Mchana nikaenda kuswali Ijumaa, nikamwachia shemeji Makame, mdogo wake Mwanaidi.

"Angalia tu. Usiguse kitu."

Narudi, kijiji kizima kinatapika! Mganga mwenyewe kalala sakafuni. Kwenye kioo pameandikwa: chakula kichafu, kapika Mwanaidi.

Kumbe shemeji kaihamishia jikoni meza ya kuparia samaki. Damu na matumbo hadi kwenye sufuria.

Na huyu ni mtu wa kisiwani, Juani! Kwao samaki anaparwa pwani, hata paka wanajua pa kusubiri.

"Nilimwonea huruma dada wa kwenye mchezo, alikuwa anatembea mbali kufuata samaki," anajitetea.

Mwanaidi akachungulia, akaliona jina lake. Nikasema moyoni, shemeji kwisha habari yake.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayelisha watu sumu?"

Ananiuliza MIMI.

Haya, semeni nyie, kosa la nani?

Shemeji yupo barazani anakula pweza wa nazi. Mimi nimeambiwa nikapikiwe na kompyuta.