Mama Mkwe Aliyekataa Kukaa Barazani

Chumba changu cha ushauri kiko Mikumi, ndani ya nyumba yenye duka la dawa, na baraza tunachangia. Sharti langu ni moja: anayemsindikiza mgonjwa anasubiri nje. Siku hiyo mama mmoja kutoka Ruhembe alimleta mke wa mwanawe, binti aliyeacha kuongea ghafla. Nilimwamkia mama, akaitikia marahaba, akaketi humo humo chumbani, kanga imemfunika hadi machoni. Kila pikipiki ikipita, anachungulia dirishani.

Nikamshuku pale pale. Nimeshawaona wengi wa aina hiyo: wanamleta mkamwana nimtoe jeuri, halafu kila swali wanalijibu wao. Nikamuuliza binti kama analala vizuri. Mama akadakia, "Halali." Nikamuuliza kinachomsumbua. Mama akasema, "Ya kwetu hayatoki nje. Wewe mpe dawa tu." Na kapu alilobeba je? Mtu anakuja kwangu na kapu la sokoni, tena tupu! Mh, hapana. Huyu mama ana lake jambo.

"Mama, naomba utupishe."

"Barazani sikai. Watu wakiniona kwako watasema nimerukwa na akili."

Nilikasirika, sifichi. Nikasimama, nikamfungulia mlango. Akanikazia macho, akamtazama binti, kisha akatoka na kuufunga mlango mwenyewe.

Nikasogeza kiti. "Mama mkwe wako anakupiga?"

Binti akatikisa kichwa. Sauti ikamtoka kwa shida. "Anayenipiga ni mume wangu. Mama ndiye amenitorosha. Nyumbani ameaga tunakwenda gulioni."

Kabla sijasema neno, pikipiki ikazima nje. Binti akateremka kitini, akajikunyata nyuma ya meza yangu. Niliogopa, jamani.

"Mama! Mke wangu yuko wapi?" sauti ya kiume ikauliza barazani.

"Hujaniamkia."

"Shikamoo. Yuko wapi?"

"Marahaba. Nimemwacha gulioni, anachagua dagaa."

"Na wewe unatafuta nini kwa daktari wa vichaa?"

Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Wateja wa duka la dawa walikuwa wamejaa barazani, wengine majirani wa huyo mama kabisa, na wote walikuwa wamegeuka kumtazama. Mama aliishusha kanga mabegani, uso wote ukaonekana.

"Mimi ndiye mgonjwa, mwanangu," akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Akili yangu haiko sawa. Nenda nyumbani, niache nitibiwe."