Sindano Isiyohitajika

Hadi leo nikisikia mtu anaisifia kompyuta ya stoo yetu, kichefuchefu kinanipanda. Si kwamba nachukia mashine. Mimi ni mkunga hapa Tabora, na siku walipotuletea akili mnemba ya kuagiza dawa nilipiga makofi kuliko wenzangu wote. Tuliambiwa itatazama kinachotoka stoo, ikadirie tutakachohitaji, iagize kabla hatujaishiwa. Nikasema afadhali.

Tatizo ni tabia yetu ya siku nyingi. Dawa ikiisha, hatuandiki popote kwamba imekosekana. Tunamwambia ndugu wa mgonjwa, "Kanunue nje," naye anavuka barabara kwenda duka la dawa. Kwa hiyo sindano za kuzuia damu kwa wazazi wanaojifungua zilipoadimika, stoo haikutoa hata moja, na mashine ikaelewa kwamba wanawake wa Tabora wameacha kutoka damu. Ikapunguza oda, kisha ikaifuta kabisa. Bosi wetu akatuita kikaoni kutupongeza kwa kubana matumizi, huku anatafuna korosho.

Nilimweleza. Akajifuta midomo, akasema, "Sista, wewe zalisha. Mashine tuachie sisi."

Mchana mmoja bajaji ikamshusha binti kutoka Ulyankulu pamoja na mama mkwe wake. Walikuja na vyote tunavyowaagiza wajawazito walete: beseni, glovu, pamba, khanga. Mtoto alitoka salama, analia. Kisha damu ikaanza, na haikukoma. Nikakimbilia stoo. Rafu ilikuwa tupu, imepanguswa mpaka inang'aa.

Nikamrudia mama mkwe. Hata shikamoo sikumpa.

"Mama, nenda duka la ng'ambo, ukanunue sindano hii. Kimbia!"

"Duka lipi, mwanangu? Mimi huku mgeni."

Nikamwonyesha kupitia dirishani. Mimi nikabaki nakanda tumbo la binti, damu imenifika kwenye viatu, nikimtazama mama wa watu akikwepa bodaboda, kandambili yake moja imemvuka mguuni katikati ya lami. Binti alikuwa ananiuliza kwa sauti ndogo kama atakufa. Nilimwambia hafi, na sikuwa na hakika. Nilisikia aibu, kisha hasira, kisha kinyaa hasa, kile cha kutaka kutema mate sakafuni.

Mama mkwe aliwahi kurudi na sindano. Damu ikakata, binti akapona.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa bosi kudai sindano. Nilikwenda na viatu vilevile, makusudi, avione. Hakuvitazama. Alinigeuzia skrini. Wazazi wote wa jana salama, sindano zilizotoka stoo hakuna, pendekezo la mashine: haihitajiki.

"Si unaona?" akaniambia, anatabasamu kama aliyemzalisha ni yeye. "Amepona, na wala hatujatumia hata moja."

Nilitoka bila kumuaga. Nje, ukingoni mwa barabara, mama mkwe alikuwa bado anaitafuta kandambili yake.