Makopo Mawili Mezani kwa Orrin

Mkulima akifa huku kwetu, mali yake hupigwa mnada palepale uani, na watu hupandishiana bei kwa makelele: trekta, bunduki, hata ndoo za maziwa. Mashine ya kujazia risasi haipigiwi kelele na mtu. Hutupwa kwenye boksi moja na bawaba za milango na misumari iliyopinda, na mtu hununua boksi zima kwa dola tano kwa sababu anataka bawaba. Akifika nyumbani ndipo analiona lile pande la chuma lililoganda kwa kutu. Anakuna kichwa, kisha anasema wanavyosema wote: nitampelekea Orrin.

Orrin Tveit alikuwa na miaka sabini na minne. Thelathini na minane kati ya hiyo aliitumia kukereza vyuma katika kiwanda cha zana za kilimo, na kiwanda kilipofungwa alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, akawasha taa juu ya meza, akahamia huko. Mkewe, Ardis, aliwaambia akina mama wa kanisani kwamba anamwona mumewe wakati wa chakula tu, kama paka.

Majira ya baridi ya Minnesota ni marefu, na nyumba nyingi zenye bunduki hujaza risasi zake zenyewe. Unakusanya maganda uliyokwisha kuyapiga, unayabana kwenye mashine yarudie umbo lake, unatia fataki mpya, unapima baruti, unakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Unavuta mkono wa mashine chini, chuma cha katikati kinapanda, basi. Mashine yenyewe haina mengi ya kuiharibu, ila kutu na watu.

Orrin alipoletewa mashine hakukimbilia msasa. Aliifunga mezani, akafumba macho, akauvuta mkono wake taratibu mara kumi, kumi na tano, hadi ajue pini ipi imelika na kwa upande gani. "Huyu alikuwa mtu wa papara," angesema juu ya marehemu asiyemjua. "Alikuwa akiukita mkono mpaka chini. Na alikuwa mfupi huyu, alikuwa anavuta kwa pembeni." Ndugu wa marehemu wangecheka, maana ndivyo alivyokuwa. Kisha aliifungua yote, akailowesha siku tatu, akaisugua kwa mswaki wa meno, akakereza pini mpya, akapaka mafuta ya kulainisha na kuyafuta karibu yote. Rangi hakupaka. Kijana mmoja aliwahi kumletea mashine aliyoipaka nyekundu ya kung'aa, Orrin akamtazama juu mpaka chini. "Umeniletea mashine," alimuuliza, "au umeniletea bibi harusi?"

Alikuwa na sheria mbili, na wilaya nzima ilizijua. Ya kwanza, mashine haitoki kwake kabla hajajaza nayo risasi ishirini kwa mkono wake, na hizo humpa mwenyewe bure aende nazo. Ya pili, mezani hukaa kopo moja la baruti, moja tu, na likimaliza kazi hurudi kabatini kabla jingine halijatoka. Mchungaji Nygaard alishuka siku moja na kopo lake mfukoni mwa koti, akafukuzwa hadi juu ya ngazi kama mwizi wa kuku, naye ndiye aliyewafungisha watoto wa Orrin ndoa.

Oktoba moja rafiki yake wa tangu shule, Lowell Brekke, alimletea mashine ya baba yake iliyokuwa imezama katika mafuriko ya masika. Ilikuwa imeshikana kabisa. Orrin aliihangaikia wiki tatu, akiipasha moto na kuipoza, mpaka asubuhi moja kile chuma kikalegea mkononi mwake, na nusura alie. Jumanne kabla ya msimu wa kulungu Lowell aliichukua, pamoja na zile risasi ishirini, za bunduki ya binti yake Karna. Msimu ulikuwa ufunguliwe Jumamosi alfajiri.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana Orrin alishuka kufagia. Aliinua kitambaa cha kufutia mafuta kilichokuwa pembeni mwa meza, na chini yake palikuwa na kopo la baruti. Kopo jingine lilikuwa palepale pa siku zote, karibu na kipimo cha baruti.

Alisimama na kitambaa mkononi. Lile la karibu na kipimo lilikuwa la baruti ya bunduki ndefu, inayoungua taratibu. Hili lililofichwa na kitambaa lilikuwa la bastola, baruti ya haraka. Ukilijaza ganda la bunduki ndefu kwa baruti ya bastola, bunduki hupasuka usoni mwa aliyeishika. Alijaribu kukumbuka ni lini alilitoa kabatini na kwa kazi gani. Alikumbuka Jumatatu, siku aliyozijaza zile ishirini: redio, mvua ya barafu dirishani. Kopo hakulikumbuka hata kidogo.

Akavuta kiti, akakaa. Lowell na Karna walikuwa tayari kwenye kibanda chao cha mawindo, msituni ambako simu haishiki. Angeweza kujiambia kwamba kopo lilitoka baadaye, baada ya risasi kujazwa, na pengine ingekuwa kweli. Lakini akienda kuwaonya, kufikia Jumapili kila mtu kwenye kahawa ya kanisani atajua kwamba mzee Tveit ameanza kuchanganya baruti, na hakuna atakayemletea tena hata bawaba. Alilipima hilo kwa muda, na si haki kusema hakulipima. Kisha akamwona Karna akilaza shavu kwenye kitako cha bunduki. Akapanda ngazi, akachukua funguo za pikapu, akaondoka bila kofia.

Maili thelathini na moja. Alipofika, Karna alikuwa akitoa kwenye jiko bakuli la viazi na nyama ya kusaga, na baba yake alikuwa ameketi na soksi tu, vizibao vyao vya rangi ya chungwa vikining'inia ukutani.

"Ohoo, mnusa chakula kafika!" Lowell alipaza sauti. "Karna, ongeza sahani. Na kofia yako iko wapi, we mzee, au umefukuzwa nyumbani?"

"Umepiga zile risasi?" Orrin alimuuliza Karna.

"Tatu, Baba Orrin, juzi, kuiweka sawa darubini. Zimekaa vizuri hivyo! Kwani vipi?"

"Nipe zilizobaki."

Lowell alicheka. "Ukishatoa zawadi unaifuata tena? Uzee huo."

"Nimekuta makopo mawili mezani kwangu, Lowell," Orrin alisema. "Sijui nilijaza nini. Sikumbuki."

Kicheko kilikatika. Karna alichomoa risasi kumi na saba mfukoni, akazipanga juu ya meza moja moja, kwa ncha za vidole. Orrin alikuwa amekuja na nyundo yake ya plastiki, yenye uwazi wa kutia risasi na kung'oa kichwa chake. Alitia ya kwanza ndani yake, akagonga kwenye gogo la kuni, mara ya tatu kichwa kikatoka, akaimwaga baruti kwenye sahani nyeupe. Wote watatu waliinama. Baruti ya bunduki ndefu ni vijiti, ile ya bastola ni vibamba. Hivi vilikuwa vijiti.

"Si ndiyo yenyewe hiyo?" Karna aliuliza.

"Hiyo ni moja."

Waligonga zote kumi na saba, chakula kikapoa. Zote vijiti, na kila moja Orrin aliipima kwenye mizani ndogo aliyoibeba. Hapakuwa na kosa hata chembe.

"Basi!" Lowell alimpiga begani. "Umetuharibia chakula bure. Kopo limesahaulika, mtu hajafa. Mimi wiki iliyopita nimeitafuta miwani na ninayo usoni."

"Kweli, Baba," Karna alimdakia baba yake, "na mimi ndiye niliyekuonyesha." Akamgeukia Orrin. "Nitapiga za dukani mwaka huu. Asante kwa kuja. Wengine wasingekuja."

Orrin alirudi njia nzima amefungua dirisha kidogo, baridi ikimpiga, na moyo wake mwepesi. Alikuwa amesema, na dunia haikuanguka. Alimkuta Ardis jikoni, mkoba wa safari bado uko mlangoni. Alikuwa amekaa siku nne kwa dada yake aliyepasuliwa goti. Orrin alijimiminia kahawa, akamsimulia yote, akaigiza hata sura ya Lowell, akajicheka mwenyewe.

Ardis hakucheka. Alikuwa akikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Orrin, mume wangu. Kaa."

Alikaa.

"Huwa ninashuka," alisema. "Ukishalala kidogo mchana. Ninaweka vitu vyako mahali pake. Wiki hii sikuwepo."

"Unaweka nini?"

"Makopo. Lile lisilofanana na jina la baruti ulilobandika kwenye kipimo nalirudisha kabatini. Mara nyingine yanakuwa matatu."

Orrin aliweka kikombe chini. "Tangu lini?"

"Tangu Pasaka." Ardis alikiweka kitambaa mezani. "Nilijua ukiyaona utaacha kushuka. Nikaona ukiacha kushuka utaacha na kuamka. Nami nilidhani ni fujo ya meza tu, Orrin. Wewe na sheria zako! Nilidhani ni usafi wako ule ule."

Orrin hakumkasirikia, ingawa alitafuta hasira ndani yake kwa haraka, maana ingemsaidia. Alichokipata ni hesabu. Tangu Pasaka zilikuwa zimetoka mashine kumi na moja, na kila moja na risasi zake ishirini, na risasi hizo sasa zilikuwa katika mifuko na vibanda vya msituni, zikingoja alfajiri. Aliwataja wenye hizo mashine kwa sauti, mmoja mmoja. Alipofika kwa mjane Solveig Aune, ambaye mjukuu wake ndio kwanza anaanza kuwinda, Ardis alielewa. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mungu wangu! Nimefanya nini?"

"Umenitunza," Orrin alisema. "Lete kitabu cha simu."

"Tuanze na nani? Siku nilizoyakuta makopo ya ziada nimeziandika kwenye kalenda ya kanisa. Si wote walio hatarini."

"Wote. Wasioshika simu tutawafuata na pikapu."

Alileta kitabu, na miwani, akavuta kiti karibu naye na kuanza kumsomea namba. Ya kwanza iliita mara tano. Orrin aliishika simu kwa nguvu, mkono uleule uliokuwa ukisikia pini iliyolika.

"Solveig? Ni Orrin Tveit," alisema. "Zile risasi nilizokupa na mashine, mwambie kijana asizipige. Hapana, mashine ni nzima. Ni mimi."